Vibaba vya Arosto

"Kibaba kimoja?" Mjomba Kibwana alipaaza sauti kwenye maikrofoni, mkono mmoja kiunoni. "Jamani, mtazameni mwanamume huyu! Kifua kama lango la ghala, halafu anachukua kibaba kimoja! Kwenye harusi ya binti yangu ulikula sahani tatu za pilau. Nilikuona!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kijana aliyesemwa, fundi wa paneli za jua, akainua mikono juu kusalimu amri, akaongeza kibaba cha pili. Akina mama wa safu ya nyuma wakampigia vigelegele.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, Tanga, katika ukumbi wa harusi ambao mwenyewe alikuwa hajazibandua riboni za dhahabu za shughuli ya juzi. Lakini maharusi hawakuwepo. Kwenye kile kiti kikubwa cha jukwaani alikaa Sufiani, amejifunika blanketi katika joto lile, pua inachuruzika, magoti yanagongana. Tangu jana hakuwa amegusa unga. Arosto ilishaanza kumpanda, na kila anayemjua teja anajua arosto ikipanda inakuwaje: mifupa inauma kana kwamba inapasuliwa, tumbo linakata, na akili yote inaimba wimbo mmoja tu, nipe, nipe, nipe. Sufiani alishajaribu kuacha mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na kila mara arosto ilimrudisha maskani.

Leo watu walikuja kuichangia arosto yake kama wanavyochangia harusi au msiba.

Chini ya jukwaa, dada yake Mwantumu alikuwa amepiga magoti mbele ya Chungu, moyo unamwenda mbio kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Chungu alikibuni yeye. Kwa macho kilikuwa pipa jeupe tu, lenye kimo cha mtoto wa chekechea na kioo juu yake chenye michirizi ya rangi. Maajabu yalikuwa ndani. Kila mchangiaji, na Sufiani mwenyewe, alivaa ukanda kisogoni. Ukanda ulisikiliza mishipa na kuzungumza na Chungu kwa mawimbi. Kikifunguliwa, Chungu kingechota mateso ya mwili mmoja na kuyagawa kwa wengi, kibaba kwa kibaba. Maumivu ya kumvunja mtu mmoja yangekuwa mafua kwa huyu, miayo kwa yule, tumbo la kukata kwa mwingine. Baada ya saa chache, kama mahesabu yake yalikuwa sawa, jambo lingekuwa limekwisha.

Lakini kilikuwa na ukali wake. Kikishafunguliwa hakifungwi katikati. Mchangiaji akivua ukanda, sehemu yake inawaangukia waliobaki, na waliobaki wakiwa wachache mno, arosto yote inamrudia mwenyewe kwa mkupuo. Hakuna moyo wa binadamu unaoweza kupokea kitu kama hicho. Ndiyo maana Mwantumu aliwasihi wote waje na miili misafi, bila hata kidonge cha kichwa tangu jana, na ndiyo maana mlangoni kila mtu alipimwa mkojo.

Kila mtu, isipokuwa mama yake. Mtu na akili zake anaanzaje kumkabidhi mama yake kikopo mbele ya majirani? Bi Hidaya alikuwa mpishi wa shughuli aliyeheshimiwa mji mzima. Wanaume wenye mvi zao walimwamkia kwa kuinama. Mwantumu alimpitisha tu, akamvisha ukanda kwa mikono miwili na kumwambia, "Mama, wewe kibaba kimoja kinatosha."

"Nani bado?" Mjomba Kibwana alinguruma. Yeye ni mdogo wake Bi Hidaya, mwenyekiti wa kudumu wa kila kamati ya harusi katika ukoo, na leo alikuwa katika siku yake. "Bwana Mhando! Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta!"

Bwana Mhando, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, alisimama. "Vitatu."

"Vitatu! Mmesikia? Mtu aliyeibiwa pampu ya maji na Sufiani huyuhuyu anabeba vitatu! Nyie mlioibiwa masufuria tu mko wapi?"

Hata Sufiani alicheka, meno yanagongana. Mwantumu akaweka kidole juu ya kioo, akasema bismillahi, akakifungua Chungu.

Mara moja ukumbi wote ukapiga mwayo. Ulianzia safu ya mbele ukaenda hadi mlangoni, kisha watu wakaanza kupenga kamasi, wakatazamana, wakacheka kwa machozi yaliyowatoka bila kulia. Fundi wa paneli alijishika tumbo na kuapa kwamba hatamdharau teja tena maishani mwake. Mama mmoja alikuwa akijikuna mikono na kusema, "Loo! Loo! Kumbe ndivyo!"

Jukwaani, blanketi lilianguka. Sufiani alinyoosha miguu polepole, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Magoti yalikuwa yametulia.

"Dada," alisema, macho yamemtoka. "Dada, nasikia njaa!"

Mwantumu aliruka juu kama mtoto, kilemba kikamdondoka, na hakujali. Mjomba Kibwana alitupa kofia hewani. Watu wanaoumwa mifupa, wanaochuruzika pua, walishangilia kama timu yao imefunga bao, na mtu akakimbia kuleta uji.

* * *

Kelele za kwanza zilitoka kwa fundi wa paneli.

"Nimepigwa shoti!" Aliruka kitini, akashika kichwa. "Wallahi nimepigwa shoti, humu ndani!"

Wenzake walimcheka, fundi wa umeme anaogopa umeme. Kisha mwanamke aliyekaa kando yake akaruka pia. Kisha Bwana Mhando akafumba macho na kushika ukingo wa meza. Cheche zilikuwa zinapita vichwani mwao, fupi na kali, na nyuma yake ikaja hofu isiyo na sababu, hofu ya mtu aliyesahau jambo kubwa na halikumbuki.

Mwantumu alirudi mbio kwenye kioo. Mchirizi wa buluu, arosto ya unga, ulikuwa unapanda kuelekea kileleni kama alivyotarajia, mzuri mno kuutazama. Lakini jumla ya mzigo ilikuwa inazidi hesabu, na sababu ilikuwa mchirizi wa pili, mwekundu, wenye meno kama msumeno. Kulikuwa na arosto ya mtu mwingine ndani ya Chungu.

Kosa lilikuwa la ufundi wake mwenyewe, tena lile alilojivunia zaidi. Ukanda ulipokea na kutoa. Mwili wa mchangiaji ulilazimika kujibu ili kibaba chake kipimwe. Mwenye mwili msafi hujibu kimya. Mwenye arosto yake anaimwaga humohumo, na Chungu, kisichojua kubagua, kinaigawa.

Akaufuata mchirizi hadi kwenye ukanda ulikotoka. Akasoma jina. Akasoma tena, kisha akainua kichwa na kumtazama mama yake, aliyekaa safu ya kwanza amenyooka kama kawaida yake, mikono imebana mkoba, jasho limemlowesha mtandio.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia haraka na likampendeza, tusidanganyane. Mzigo ulikuwa mzito lakini ulibebeka, na watu wangeamini shoti zile ni sehemu ya unga, kwa kuwa walijua nini wao? Hadi alasiri Sufiani angekuwa amepona, mama angekuwa amepona bila hata yeye kujua kwamba alikuwa mgonjwa, na sifa ya Bi Hidaya ingebaki mahali pake. Akisema, baadhi wangevua kanda, na mdogo wake aliye pale juu, aliyekuwa anakunywa uji kwa pupa, angeweza kufa kabla bakuli halijapoa.

Lakini watu hawa walikubali kumbeba mtu mmoja. Waliulizwa, wakasema ndiyo, wakataja vibaba vyao mbele za watu. Wa pili hawakuulizwa.

Alimshika mama yake mkono. "Mama, nakuomba mara moja."

* * *

Katika chumba cha kupambia maharusi, kilichojaa vioo, Bi Hidaya alikataa kukaa.

"Mama, kuna dawa unatumia?"

"Dawa gani? Ile ya mgongo tu. Ya hospitali hiyo."

"Hospitali walikupa lini?"

"Zamani." Alivuta mtandio. "Sasa nanunua mwenyewe dukani. Kwani kosa? Simama wewe juu ya masufuria ya pilau miaka yote hiyo, uone kama mgongo utakuachia."

"Jana ulimeza?"

"Si ulisema tusimeze kitu? Nimetii. Na tangu alfajiri miguu haitulii, nasikia vitu vinanipiga kichwani. Nikajua ndiyo hiyo ya Sufiani mliyotugawia."

"Tangu alfajiri, Mama? Chungu nimekifungua watu wakiwa wameshakaa ukumbini."

Bi Hidaya aligeuza uso. Vioo vilimwonyesha uso wake pande zote na hakuwa na pa kutazama.

"Siku usipovimeza hivyo vidonge huwa unajisikiaje?" Mwantumu aliuliza kwa upole.

"Sijawahi kukaa siku bila kumeza," mama alijibu haraka, kisha akalisikia neno lake mwenyewe. Akakaa.

Mwantumu alipiga magoti mbele yake. Alitamani kumkumbatia na alitamani kumkaripia, vyote kwa pamoja, na wakati huohuo aliyasikia makelele ya ukumbini yakizidi.

"Mimi ndiye niliyemfungia mlango yule mtoto," Bi Hidaya alinong'ona. "Amekuja anatetemeka, mvua inanyesha, nikamwambia, tena majirani wakisikia, kwamba teja hana haya, kwamba angetaka kuacha angeacha. Leo niende kusema nini mbele yao? Usiseme, Mwantumu. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha."

Mwantumu alilia, akajifuta kwa kiganja.

"Jina lako sitalitaja, Mama, hata wanikate. Lakini wewe umepikia watu maisha yako yote. Umewahi kuwalisha kitu wasichokijua?"

Akageuka, akatoka kwenda ukumbini.

* * *

"Kuna mtu wa pili ndani ya Chungu," Mwantumu alisema kwenye maikrofoni. Mjomba Kibwana alimpisha akiwa mdomo wazi. "Si mwizi wala si mjanja. Hakujua. Ana arosto ya vidonge, na hizi shoti mnazozisikia ni zake. Kosa ni langu, sikumpima. Mlikubali kumbeba Sufiani, huyu wa pili hamkuulizwa. Nawauliza sasa. Atakayevua ukanda hana lawama yoyote, ila mjue akivua, mzigo wake unawaangukia wengine, na ukizidi unamrudia Sufiani."

Vichwa vikaanza kugeuka, kila mtu akimkagua jirani yake.

"Ni nani?" sauti ikauliza.

"Sitasema."

Bwana Mhando alisimama. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, lakini sauti ilikuwa ileile ya taratibu. "Binti yangu, Sufiani kaniibia, nimemsamehe, nimekuja kumbeba kwa hiari yangu. Kubebeshwa mtu kwa kufichwa, hapana. Mimi si gunia." Akavua ukanda.

Vibaba vitatu vikaanguka kwa mpigo. Ukumbi mzima ukaguna kama mtu mmoja. Wanawake wawili wa safu ya nyuma wakavua na kutoka nje. Mwanamume mwingine naye akavua, akabaki ameshika ukanda mkononi bila kujua aende wapi. Kwenye kioo, michirizi yote miwili iliruka juu.

Jukwaani bakuli lilivunjika. Sufiani aliteleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, na Mwantumu akapanda ngazi kwa kuruka, akamshika kabla kichwa hakijagonga.

"Dada," alisema kwa shida. "Hizi shoti nazijua. Ni za vile vidonge vyeupe. Nilikuwa naviiba chini ya godoro..." Macho yake yalimwona mama yao, aliyetoka chumbani na sasa amesimama chini ya ngazi ya jukwaa, na mara moja akayashusha, kama mtoto aliyechungulia mahali asipotakiwa. Akaivuta shingo ya dada yake karibu. "Nitoe mimi. Chungu kibaki na yeye."

"Utakufa, Sufiani!"

"Yeye ana presha. Mimi nimezoea. Nitoe, dada, upesi, kabla hawajamjua."

Alinong'ona, lakini ngazi zilikuwa tatu tu, na Bi Hidaya hakuwa kiziwi.

Alipanda. Mgongo ulimkatalia kwenye ngazi ya pili, akajishika kwenye riboni ya dhahabu, ikakatika, akapanda hivyohivyo. Akanyoosha mkono kwa ndugu yake, na Mjomba Kibwana, ambaye hajawahi kumpa mtu maikrofoni kwa hiari, akampa.

"Ni mimi," alisema Bi Hidaya. "Wa pili ni mimi. Mtu asimtazame mwenzake." Akapumua. "Nimewapikia harusi zenu na misiba yenu nikiwa nimemeza vile vidonge, na huyu mtoto nikamwita teja, kumbe tuko wawili nyumba moja. Anayetaka kuvua avue. Kwanza mnitoe mimi."

Nani angejua la kufanya? Mjomba Kibwana alikuwa analia waziwazi, mikono imening'inia. Aliyetembea wa kwanza ni Bwana Mhando. Alikuja hadi chini ya jukwaa, akaugeuzageuza ule ukanda, akauvaa kisogoni.

"Si ungesema, Bi Hidaya," alisema. "Nilitaka kuambiwa tu. Nirudishieni vitatu vyangu."

Hapo ukumbi ukapiga kelele ambazo hata harusi haijawahi kupata. Yule aliyekuwa amesimama na ukanda mkononi akauvaa haraka kana kwamba hakuuvua. Fundi wa paneli aliongeza kibaba, akaongeza kingine, akaruka kwa shoti na kucheka palepale. Mjomba Kibwana akaokota maikrofoni na sauti yake. "Bwana Mhando vitatu! Nani mwingine? Shughuli zimekuwa mbili, jamani, na wageni ni walewale! Kazeni!"

Mwantumu alikimbilia kioo. Michirizi ilishuka, ikashuka tena, ikatulia. Akahesabu kwa macho, akahesabu tena kwa vidole. Wanawake wawili waliotoka nje hawakurudi. Upande wa Sufiani ulikuwa salama, wa buluu ulishavuka kilele na kuanza kuteremka. Wa mama ulikuwa bado unapanda, na ulipungukiwa kidogo tu.

"Nusu kibaba," alisema. "Nusu tu, Mjomba."

Mjomba alitangaza. Watu walitazamana. Walikuwa wamejaa wote. Kuna waliokuwa wamelala chini ubavu, kuna waliotapikia ndoo, na Mwantumu mwenyewe alijua kwamba hata yeye, anayepaswa kubaki na akili timamu kuendesha Chungu, hawezi kuvaa ukanda. Bi Hidaya alikuwa amekaa kwenye kile kiti kikubwa, anatetemeka hadi meno, na hakumwomba mtu.

"Mimi."

Sufiani alikuwa ameinuka. Alijishikilia kwenye mkono wa kiti cha mama yake.

"Wewe arosto unayomwaga inatosha," Mwantumu alisema. "Wewe ndiye mgonjwa."

"Si uliniambia ukanda unapokea na kutoa? Upindue upokee." Aliongea kwa pumzi fupifupi, lakini macho yake yalikuwa maangavu kama hayajawahi kuwa tangu utotoni. "Dada, kadi za michango zinakuja nyumbani kila mwezi. Ya Mama, yako, hata ya marehemu Baba iliwahi kuja kwa makosa. Yangu haijaja hata moja. Nani amwombe teja mchango? Maisha yangu yote nimechangiwa. Nusu kibaba naweza."

Mwantumu alitazama kioo. Mwili ule ungeweza. Kwa shida, lakini ungeweza, na mwenye mwili alikuwa ameulizwa na kujibu kwa mdomo wake. Akapindua ukanda wa mdogo wake.

"Jina la mchangiaji?" Mjomba Kibwana aliuliza kwa mujibu wa utaratibu, sauti inakatika.

"Sufiani. Mtoto wa Bi Hidaya."

"Sufiani mtoto wa Bi Hidaya, nusu kibaba!"

Vigelegele vilipanda, na shoti ya kwanza ikampiga Sufiani, akakunja uso, akakaza mkono kwenye kiti. Bi Hidaya aliona vinyweleo vinasimama shingoni kwa mwanawe, na kabla hajaelewa, magoti yake mwenyewe yakaacha kugongana.

"Ni yangu hiyo," alisema kwa mshangao. "Sufiani, shoti hiyo ni yangu."

"Najua, Mama," alijibu, akiwa bado amefumba macho. "Niachie."